UZI: Ardhi ya Mwezi ina volti zake, na elektroni ndizo zinazotuletea habari

Falaki Mdogo (mleta mada)

Wakuu salaam.

Wengi wetu tulifundishwa kwamba Mwezi hauna hewa, halafu tukamalizia wenyewe kwamba basi kule hakuna kinachotokea: mawe, vumbi, nyayo zisizofutika, kimya. Nusu ya kwanza ni kweli. Nusu ya pili imenikera miaka mingi, maana mambo ni kinyume chake. Kwa kuwa Mwezi hauna hewa, yale ambayo kwetu huishia mbali angani, kwake yanatua ardhini. Naomba tuliongee hili taratibu, nikianza na lile lililonivuta mimi: ardhi ya Mwezi ina volti, volti hizo zinabadilika mchana na usiku, na zimepimwa kutoka makumi ya kilomita juu bila mtu wala chombo kuigusa.

Tuanze na upepo wa Jua. Huu si upepo wa hewa. Ni utegili, au plazma kama wengi tunavyoiita, yaani gesi ambayo atomu zake zimevunjika zikawa elektroni na ioni (atomu zenye chaji) zinazosafiri pamoja. Kwenye umbali wetu kutoka Jua, sentimita moja ya ujazo ya upepo huo ina protoni kama 5 tu, na elektroni kiasi hicho hicho. Ni kitu chepesi mno. Lakini unakwenda kilomita 400 hivi kwa sekunde, na ukizidisha utaona kila sentimita ya mraba ya ardhi inayotazamana na Jua inapigwa na protoni kama milioni 200 kila sekunde. Dunia ina ngao ya sumaku inayouzuia upepo huu kwenye umbali wa kilomita elfu sitini na kitu. Mwezi hauna ngao ya namna hiyo. Protoni iliyotoka kwenye Jua siku tatu nne zilizopita inajichomeka moja kwa moja ndani ya chembe ya vumbi.

Sasa njooni upande wa mchana. Mwanga wa urujuanimno unapopiga vumbi, unang'oa elektroni. Elektroni zinazong'olewa ni nyingi kama mara kumi kuliko zile zinazoletwa na upepo wa Jua. Ardhi inapoteza chaji hasi, inabaki chanya. Lakini haiwezi kuendelea kupoteza bila kikomo, kwa sababu kadiri inavyozidi kuwa chanya ndivyo inavyozivuta elektroni zake zirudi. Mambo yanatulia ardhi ikiwa na volti chache tu juu ya sifuri, na juu yake panabaki wingu la elektroni zinazoruka na kuanguka, kuruka na kuanguka, lenye unene wa kama mita moja. Mtu akisimama pale mchana, miguu hadi kiunoni yumo ndani ya wingu hilo, na kichwa kiko nje yake. Halionekani kwa macho, lakini lipo.

Usiku mwanga unaondoka na hesabu inageuka. Hakuna cha kung'oa elektroni kwa wingi. Kinachobaki ni mwendo: elektroni za upepo wa Jua, kwa joto lake, zinakimbia kama kilomita 2,000 kwa sekunde huku na huku, wakati protoni zinasogea na upepo wenyewe kwa zile kilomita 400. Elektroni ndizo zinazowahi kufika. Ardhi ya usiku inajaa chaji hasi mpaka inaanza kuzisukuma zinazofuata zirudi. Hapo tunazungumzia makumi hadi mamia ya volti chini ya sifuri.

Mchezo huo huo unatokea nyuma ya Mwezi kwa ukubwa wa ajabu. Mwezi unaumeza upepo wote unaoupiga, kwa hiyo nyuma yake kunabaki kivuli kitupu kinachonyooka maelfu ya kilomita. Elektroni zinatangulia kuingia kivulini, zinaacha protoni nyuma, chaji zinatengana, na mtengano huo unazaa uga wa umeme unaozivuta protoni zifuate. Pengo linazibwa pole pole kutoka pembeni. Explorer 35, chombo cha Marekani kilichozunguka Mwezi kuanzia mwaka 1967, ndicho kilichotuonyesha kwamba kivuli hicho kipo na kwamba mbele ya Mwezi hakuna wimbi kubwa la mshtuko kama lililoko mbele ya Dunia.

Nitaendelea na mawimbi. Karibuni kwanza kwa maswali.

Fundi Waya

Mkuu, nashukuru kwa uzi. Mimi kazi yangu ni umeme, na volti kwangu siku zote ni kati ya sehemu mbili. Unaposema ardhi ya Mwezi ina volti hasi 200, hasi kulinganisha na nini? Kwetu sisi ardhi ndiyo sifuri, tunachimbia fimbo ya ethi tunamaliza. Kule ardhi yenyewe ndiyo ina volti. Na la pili: umesema zimepimwa bila kuguswa. Mita yangu ina waya mbili. Hiyo mita ya angani waya zake ziko wapi?

Falaki Mdogo

Fundi Waya, umegusa moyo wa jambo lenyewe, kwa hiyo niruhusu nijibu kwa urefu.

Sifuri kule ni plazma iliyo mbali, ile ambayo haijasumbuliwa na Mwezi. Na kweli, ethi hakuna. Vumbi la Mwezi ni kavu kupita kiasi na linapitisha umeme kwa shida sana, hasa usiku likiwa na baridi kali. Chaji inayotua mahali inakaa pale pale. Mwamba unaweza kuwa na upande wa Jua wenye volti chanya na upande wa kivuli wenye volti hasi, hatua moja kati yao, na hakuna waya wa kuzisawazisha. Ndiyo maana wahandisi wanaopanga vituo kule wanalichukulia suala la kuunganisha mitambo kwa umakini sana: plazma yenyewe ndiyo njia ya kurudisha chaji, na usiku plazma hiyo ni haba.

Sasa mita isiyo na waya. Waya zake ni mistari ya uga wa sumaku.

Elektroni ikiwa kwenye uga wa sumaku haiendi moja kwa moja. Inajizungusha kuuzunguka mstari huku ikiteremka, kama mmea unaotambaa kwenye kamba. Kwenye upepo wa Jua uga ni kama nanotesla 5 (nanotesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku) na mzunguko wa elektroni una nusu kipenyo cha kama kilomita 2. Tuseme chombo kiko kilomita 100 juu na mstari wa sumaku unakipitia hadi ardhini. Kipimo kinahesabu elektroni zinazoshuka na zinazopanda, kwa kila pembe na kwa kila nishati. Zile zinazoshuka wima karibu sambamba na mstari zinafika ardhini na kumezwa, hazirudi. Zile zinazoshuka kwa kujipinda sana, penye miamba yenye sumaku, zinakutana na uga unaozidi kuwa mkali karibu na ardhi, zinageuzwa na kurudi juu. Kwa hiyo katika zinazopanda kuna upungufu wa umbo la pia, yaani koni: pembe ambazo hakuna kilichorudi. Ukubwa wa pia hiyo unakuambia sumaku ya ardhini ina nguvu kiasi gani.

Ardhi ikiwa na chaji hasi, picha inabadilika kwa namna ambayo haiwezi kudanganya. Elektroni zenye nishati ndogo zinarudi hata kama zilishuka wima kabisa, kwa sababu ardhi inazisukuma. Zenye nishati kubwa bado zinamezwa. Unatafuta nishati ambayo koni ile inaanzia. Ikianzia kwenye elektronivolti 200 (elektronivolti moja ni nishati ambayo elektroni inapata ikisukumwa na volti moja), ardhi iko volti 200 chini ya mahali ulipo. Na kuna ushahidi wa pili: ardhi inapopigwa na elektroni inatema elektroni nyingine zenye nishati ndogo, elektronivolti chache tu. Hizo zikishatoka zinasukumwa na volti zile zile, na zinafika kwenye chombo zikiwa mkondo mwembamba wenye nishati ya karibu 200. Vipimo viwili tofauti kutoka ardhi ile ile, vikikubaliana. Chombo chenyewe nacho kina chaji yake, hivyo lazima uiondoe kwenye hesabu kabla hujasema neno.

Lunar Prospector, chombo cha NASA, ilifanya hivyo mwaka 1998 na 1999. Usiku wa kawaida ilikuta mamia ya volti chini ya sifuri. Mwezi ulipoingia kwenye karatasi ya plazma moto iliyo ndani ya mkia wa sumaku wa Dunia, na wakati wa dhoruba za chembechembe kutoka Jua, ardhi ya usiku ilishuka hadi volti elfu kadhaa chini ya sifuri. Kwako wewe wa umeme hiyo si namba ya kupita bila kuiangalia.

Binti Nyota

Umesema mkia wa sumaku wa Dunia. Kwa hiyo Mwezi unapita ndani ya sumaku yetu?

Falaki Mdogo

Ndiyo, dada. Upepo wa Jua unaiburuta sumaku ya Dunia ikawa mkia mrefu upande wa pili wa Jua, mbali kupita mzunguko wa Mwezi. Kila mwezi, siku kadhaa kabla na baada ya mwezi mpevu, Mwezi unapita humo. Ukiutazama ukiwa mzima kabisa angani, ujue kwa wakati huo haupigwi na upepo wa Jua kama siku nyingine.

Na humo ndani kuna jambo ambalo bado linanigusa kila nikilikumbuka. Kaguya, chombo cha Japani kilichozunguka Mwezi mwaka 2007 hadi 2009, kilikuta ioni za oksijeni zilizotoka kwenye angahewa la Dunia, zikiwa na nishati za elektronivolti 1,000 hadi 10,000, zikifika Mwezini wakati wa kupita kwenye karatasi hiyo ya plazma. Oksijeni ya hapa inazikwa kwenye vumbi la kule.

Ubao na Chaki

Nafundisha fizikia na nimefurahi kuona mtu anaeleza hatua kwa hatua. Naomba sasa uje kwenye mawimbi, kwa sababu hapo wanafunzi wangu hukwama. Wanaelewa chembe zinazokwenda na kurudi. Hawaelewi kwa nini plazma nyepesi kiasi hicho, chembe 5 kwa sentimita ya ujazo, ambazo karibu hazigongani kabisa, inaweza kuwa na wimbi. Wimbi la sauti linahitaji molekuli zisukumane.

Falaki Mdogo

Mwalimu, hazigongani lakini zinasikiana kwa mbali. Kila elektroni inahisi uga wa umeme wa maelfu na mamilioni ya wenzake. Sogeza kundi la elektroni upande mmoja, ioni zinabaki nyuma na chaji chanya, zinazivuta, elektroni zinarudi, zinapitiliza, zinavutwa tena. Umepata mtetemo. Kasi ya mtetemo huo inategemea kitu kimoja tu, wingi wa elektroni: chukua kipeuo cha pili cha idadi yao kwa sentimita ya ujazo, zidisha kwa 9, unapata kilohezi, yaani maelfu ya mitetemo kwa sekunde. Wanafunzi wako wanaweza kuifanya hesabu hiyo ubaoni.

Swali zuri zaidi ni nani anayeianzisha mitetemo. Hapa ndipo Mwezi unapoingia, na ndiyo sababu ya mimi kuandika uzi huu. Plazma ikiwa imetulia haina sababu ya kupiga kelele. Mawimbi yanazaliwa pale ambapo chembe fulani zina mwendo usiolingana na wenzao: mkondo mwembamba unaopenya umati, au pengo mahali palipopaswa kuwa na watu. Mwezi unatengeneza vyote viwili kila sekunde.

Chukua ule mkondo wa elektroni niliomweleza Fundi Waya, unaopanda kutoka ardhi ya usiku. Unaingia kwenye plazma iliyotulia, ukienda kasi kuliko wenyeji. Tuseme kuna kiwimbi kidogo kinachosafiri kwa kasi inayopungua kidogo tu kuliko ya mkondo. Elektroni za mkondo zinakisukuma kwa nyuma kila zinapokifikia, kama mtu anayemsukuma mtoto kwenye bembea kwa wakati unaofaa. Kiwimbi kinakua. Nishati inatoka kwa elektroni kwenda kwa wimbi mpaka mkondo wenyewe unapoteza ncha yake, unatandazika. Ukifika baadaye huoni mkondo mkali tena. Unaona mkondo uliochoka na mawimbi yaliyonenepa. Wakati mwingine uga unajikunja na kuwa vifurushi vifupi vinavyopita kimoja kimoja, mwiba juu halafu mwiba chini, katika muda wa milisekunde. Hayo ni mawimbi pweke ya umeme tuli, na Kaguya iliyarekodi jirani na Mwezi.

Hata lile pengo la umbo la pia linatosha. Ardhi imezimeza elektroni zilizokwenda wima, zilizobaki zina mzunguko mwingi na mwendo mdogo wa kunyooka. Huo ni mgawanyo usio na usawa, na plazma inaurekebisha kwa kutoa mawimbi. Kwa maneno mengine, Mwezi unazalisha mawimbi hata kwa kumeza tu.

Upande wa mchana kuna protoni zinazorudishwa. Kwa muda mrefu tulidhani ardhi inameza protoni zote. Kaguya ikakuta kwamba kati ya asilimia 0.1 na 1 zinaruka na kurudi zikiwa bado protoni. Chandrayaan-1 ya India, iliyorushwa mwaka 2008, ikakuta kitu kikubwa zaidi: hadi asilimia 20 zinarudi angani zikiwa zimeokota elektroni na kuwa atomu za haidrojeni zisizo na chaji. Asilimia 1 ni ndogo kwenye karatasi, lakini fuateni safari ya protoni moja. Imekuja kwa kilomita 400 kwa sekunde, imerushwa kinyume kwa kasi inayokaribia hiyo. Ukiwa umepanda upepo wenyewe, unaiona inakujia kwa kilomita 800. Uga wa sumaku unaosafiri na upepo unaidaka na kuizungusha kwa kasi hiyo ya 800, na wakati mzunguko unapoelekea upande wa upepo, kasi zinajumlishwa: 800 na 400, yaani 1,200. Kasi mara tatu, nishati mara tisa. Protoni iliyofika na elektronivolti zisizozidi elfu moja inaondoka na elfu saba na zaidi. Mzunguko wake una nusu kipenyo cha zaidi ya kilomita elfu moja, kwa hiyo nyingine zinapinda na kuingia upande wa usiku, kivulini, mahali ambapo protoni za upepo hazifiki moja kwa moja.

Protoni hizo zikienda kinyume na upepo zinaamsha mawimbi mazito ya sumaku. Kaguya iliyaona yakiwa na kipindi cha kama sekunde 100, yamenyooka kama yamechorwa kwa mkono mmoja. Protoni kwenye uga wa nanotesla 5 inahitaji kama sekunde 13 kumaliza mzunguko, kwa hiyo mwanzoni namba hazionekani kuoana. Zinaoana ukikumbuka kwamba wimbi linajaribu kwenda mbele huku upepo ukilirudisha nyuma, na chombo kilicho jirani na Mwezi kinalipokea likiwa limebadilishwa na mwendo huo, kama honi ya gari linalopita.

Hoja Kwanza

Mkuu, hili la protoni kurudishwa si sawa kila mahali, na nadhani linastahili kutajwa. Penye sumaku ya ardhini hali ni nyingine kabisa.

Falaki Mdogo

Sawa kabisa, nilikuwa naliendea. Mwezi hauna sumaku ya jumla leo, ila una mabaka ya miamba yenye sumaku. Wanaanga wa Apollo 16 walipima zaidi ya nanotesla 300 mahali walipotembea, wakati wa Apollo 12 walipata 38 tu. Penye mabaka yenye nguvu upepo wa Jua unasukumwa pembeni na protoni nyingi zinarudishwa kabla ya kugusa ardhi. Cha kuvutia ni namna linavyofanyika. Baka lina upana wa makumi au mamia ya kilomita. Kwa elektroni, yenye mzunguko wa kilomita 2, hilo ni pori kubwa, inakamatwa. Kwa protoni, ambayo mzunguko wake unazidi baka lenyewe, ni kama jiwe dogo njiani, ingepita tu. Lakini elektroni zikikamatwa juu na protoni zikaendelea chini, chaji zinatengana, uga wa umeme unazaliwa, na uga huo ndio unaozizuia protoni. Ni kama vile kamba zimefungwa kwa elektroni na protoni ndizo zinazovutwa.

Juu ya mabaka haya kunapimwa mawimbi ya plazma yaitwayo mawimbi ya mluzi, ya karibu hezi moja, yaani mtetemo mmoja kwa sekunde. Na kwa darubini ya kawaida unaweza kuona Reiner Gamma, alama nyeupe iliyojisokota kwenye Bahari ya Dhoruba, iliyokaa juu kabisa ya baka mojawapo. Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba ardhi ile imekingwa na upepo wa Jua kwa hiyo haijawa nyeusi kama jirani zake. Kwangu mimi hapo ni mahali ambapo fizikia ya plazma imejichora kwenye ardhi na jicho likaiona.

Binti Nyota

Je, vumbi? Nilisoma kwamba vyombo vya Surveyor viliona mwanga kwenye upeo wa macho baada ya Jua kuzama, na kwamba ni vumbi lililoinuliwa na umeme huu.

Falaki Mdogo

Ni kweli, Surveyor 7 mwaka 1968 ilipiga picha ya utepe wa mwanga juu ya upeo, na wenzake kabla yake pia. Ufafanuzi uliotolewa ni chembe zenye ukubwa wa mikromita kama 10 zikielea chini ya mita moja. Wanaanga wa Apollo 17 wakiwa kwenye mzingo nao walichora mwanga walioona kabla ya Jua kuchomoza. Kwa hiyo Mwezi una vumbi linalopanda hadi kilomita nyingi kwa nguvu ya volti zake, hasa kwenye mpaka wa mchana na usiku.

Hoja Kwanza

Hapo sikubaliani, na nasema kwa nia njema maana uzi ni mzuri. LADEE, chombo cha NASA, ilizunguka Mwezi mwaka 2013 na 2014 ikiwa na kipimo maalumu cha vumbi. Ililitafuta wingu hilo la juu kwenye mpaka wa mchana na usiku na haikulikuta kwa wingi uliotarajiwa. Ilichokuta ni wingu jembamba la kudumu linalorushwa na vimondo vidogo, lililoongezeka wakati wa mvua ya vimondo ya Geminidi. Tusichanganye vumbi lililo sentimita chache juu ya ardhi na lililo makumi ya kilomita juu.

Falaki Mdogo

Nakubali, na nafuta sentensi yangu ya mwisho hapo juu. Nilichanganya vitu viwili. Asante.

Lile la karibu na ardhi lina swali lake gumu pia, na inafaa nilieleze kwa sababu nilikuwa nalieleza vibaya kwa watu. Ukipiga hesabu ya chaji ya chembe moja iliyolala juu ya uso wenye volti chache, inapata chaji ndogo mno, haitoshi kuishinda mvutano na gundi inayoishika kwa jirani zake. Jibu lililopendekezwa mwaka 2016 na Xu Wang, Mihály Horányi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Colorado linatazama matundu yaliyo kati ya chembe. Piga picha kichwani: chembe tatu nne zimeegemeana, chini yake kuna upenyo mdogo. Mwanga unaingia kwenye upenyo, unang'oa elektroni kutoka chembe ya chini, na elektroni hizo badala ya kutoroka angani zinagonga matumbo ya chembe za juu na kubaki humo. Chembe ambazo migongo yake inatazama Jua na ni chanya, matumbo yake yanakuwa hasi, tena kwa chaji kubwa. Mbili zenye matumbo hasi zikiwa jirani zinasukumana, na moja inaruka. Walilionyesha hilo kwenye maabara, vumbi likirukaruka ndani ya chemba ya ombwe.

Fundi Waya

Kwa hiyo chaji inajificha chini, si juu. Hiyo naielewa. Kuna namna ya kulifukuza vumbi hilo kwa umeme wenyewe?

Falaki Mdogo

Ipo na imeshajaribiwa palepale. Blue Ghost, chombo cha kampuni ya Firefly ya Marekani, ilitua Mare Crisium, moja ya nyanda nyeusi za Mwezi, tarehe 2 Machi 2025 ikiwa na ngao ya umeme dhidi ya vumbi: nyaya nyembamba zilizopachikwa kwenye kioo, zinapewa volti zinazobadilika kwa zamu ili chembe zisukumwe kutoka waya hadi waya mpaka pembeni. Ilifanya kazi.

Ubao na Chaki

Swali langu la mwisho. Je, haya ni ya Mwezi wetu peke yake?

Falaki Mdogo

Hapana, Mwalimu. Mwezi wowote usio na hewa ya kutosha unaishi hivi, kila mmoja kwa plazma ya jirani yake. Tarehe 26 Septemba 2005 chombo cha Cassini kilipopita karibu na Hyperion, mwezi wa Zohali wenye matundu kama sega la nyuki, kilijikuta ndani ya mkondo wa elektroni uliotoka kwenye ardhi ya mwezi ule, umbali wa kilomita zaidi ya 2,000. Data zilikaa miaka kadhaa kabla ya kueleweka: ardhi ilikuwa kama volti 200 chini ya sifuri. Ganimedi, mwezi wa Mshtarii, una sumaku yake mwenyewe, na kilichoitambulisha mwaka 1996 kwa chombo cha Galileo ni pamoja na kipimo cha mawimbi ya plazma, ambacho kilikumbana na mlipuko wa mawimbi kilipovuka mpaka.

Na kwa wetu bado tunasikiliza. Vyombo viwili vya ARTEMIS vinauzunguka tangu mwaka 2011, mara nyingine kimoja kikiwa kwenye kivuli na kingine kikiwa nje kwenye upepo safi, ili ulinganishe. Mwaka 2024 kipimo cha Uswidi kilichobebwa na Chang'e 6, chombo cha China, kiligundua ioni hasi kwenye uso wa Mwezi, jambo ambalo halikuwa limepimwa kamwe. Ioni hizo haziishi muda mrefu, mwanga wa Jua unazivunja, ndiyo maana ilibidi ushuke hadi ardhini kuzikuta.

Kitu kimoja kuhusu kushuka ardhini. Apollo 11 walipotua, kabla hata ya kusimamisha bendera, Buzz Aldrin alichomeka kijiti chenye karatasi ya alumini, akaiacha itazamane na Jua. Ilikaa dakika 77. Kisha akaikunja, ikarudi kwenye maabara ya Bern nchini Uswisi, na ndani ya karatasi ile wakakuta atomu za heli na gesi nyingine za upepo wa Jua zimejichomeka. Yale yanayolipata vumbi la Mwezi kwa mabilioni ya miaka yaliipata karatasi ile kwa saa moja na robo.

Binti Nyota

Nimejaribu ile hesabu ya 9. Elektroni 5, kipeuo cha pili ni 2.24, mara 9 ni kama kilohezi 20. Nimeipata sawa?

Falaki Mdogo

Sawasawa, dada. Sasa jaribu na 0.05.

Binti Nyota

Kilohezi 2. Ina maana gani?

Falaki Mdogo

Ina maana umeingia kivulini. Tarehe 27 Desemba 1994 chombo kiitwacho Wind kilikatiza nyuma ya Mwezi, mbali mara 6.5 ya nusu kipenyo cha Mwezi. Ukiwa kwenye chombo cha namna hiyo na kipokezi cha redio, kwenye upepo wa wazi unaona mstari umekaa karibu na kilohezi 20. Ukikaribia ukingo mstari unaanza kuteremka. Katikati umeshuka kabisa, kwa sababu elektroni zimekuwa chache. Kisha unapanda tena upande wa pili, na hujauona Mwezi wenyewe hata mara moja.

Ubao na Chaki

Kesho naandika 0.05 ubaoni na kuwaachia wanafunzi wenyewe.